Majani si mizizi: kisa cha mwasumini mkongwe uliotakiwa kuhama

Usuli

Nyumba ya urithi katika mtaa wa zamani wa mji mmoja wa mwambao iliuzwa mwishoni mwa mwaka. Mnunuzi alikusudia kuibomoa, na kiwanja kilitakiwa kukabidhiwa mwisho wa Mei. Uani, kando ya kisima, palikuwa na mwasumini ambao bibi mwenye nyumba aliupanda siku za uarusi wake. Kichaka kilikuwa kimefikia urefu wa mtu, mashina ya chini magumu kama mpini wa jembe, na mizizi imeingia chini ya msingi wa ukuta wa mawe ya matumbawe. Kila magharibi wanawake wa nyumba na jirani walichuma vichomozo kabla havijafunguka, wakatunga mashada au wakavichanganya na mrehani na mkadi kwa ajili ya vikuba.

Mmea wenyewe ni Jasminum sambac, lakini wa ile aina ambayo ua lake limejaa tabaka juu ya tabaka, mfano wa waridi dogo. Jambo hili lina uzito katika kisa. Aina za ua lililojaa kwa kawaida hazizai mbegu, na hukua polepole kuliko asumini ya petali chache inayouzwa vitaluni. Kwa hiyo familia haikuweza kununua mche mwingine ikasema ni uleule. Ama watoe miche kutoka kwenye kichaka hicho, ama waupoteze.

Kazi alikabidhiwa mjukuu mmoja wa kiume, mwenye bidii na simu iliyojaa video za bustani. Lengo lilikuwa miche isiyopungua kumi, mmoja kwa kila nyumba ya ukoo.

Jaribio la kwanza: Januari, kaskazi ikivuma

Wiki ya kwanza ya Januari mjukuu alikata vipandikizi 40. Alichagua ncha za matawi, zile laini na za kijani, kwa kuwa zilionekana zenye uhai zaidi. Nyingi zilikuwa na vichomozo vya maua na hakuviondoa. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa sentimita 12 hadi 15.

Mchanga aliuchota ufukweni. Vyombo vilikuwa makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa tundu moja kitakoni. Maji yalikuwa ya kisima cha uani, ambacho kama visima vingi vya miji ile kina uchumvi unaosikika ulimini. Makopo yote akayapanga juu ya sakafu ya dari ya nyumba, akayafunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, juani, kwa hoja kwamba joto huharakisha kuota. Baadhi ya vipandikizi alivichomeka kwanza ndani ya viazi mviringo kama alivyoona kwenye video. (Kiazi hakina mchango wowote hapo. Huoza, na kuoza kwake huambukiza kitako cha kipandikizi.)

Siku ya 16 vipandikizi 29 vilikuwa vimechipua majani mapya. Nyumba nzima ilifurahi, na jamaa wakaanza kuandikishwa nani apate mche upi. Wiki ya nne mjukuu aliona kazi imekwisha, akaondoa nailoni yote asubuhi moja. Ndani ya siku tatu majani mapya yalilegea, kisha kingo zake zikaungua kahawia. Aliongeza maji. Katikati ya Februari kilibaki kipandikizi kimoja tu.

Kilichoonekana baada ya kung'oa

Hapa mjukuu alifanya jambo moja la busara lililookoa kisa kizima: hakuvitupa. Aliving'oa vyote 39 vilivyokufa, akaviosha na kuvilaza juu ya gazeti kwa makundi.

Vipandikizi 22 havikuwa na chochote kitakoni. Gome lilikuwa limekauka, na chini pamekatika vilevile kama siku ya kukatwa. Vingine 12 vilikuwa vyeusi kuanzia kitako kwenda juu, gome likivuliwa kwa kidole, pamoja na vyote vilivyopitia kwenye viazi. Vitano vilikuwa na uvimbe mweupe mdogo kwenye mkato, ile dalili kwamba kidonda kimeziba na mizizi ingeweza kufuata. Kati ya vyote 39 hakuna hata kimoja kilichokuwa na mzizi, ingawa 29 kati ya 40 vilikuwa vimetoa majani.

Kipandikizi kilichopona nacho kilikaguliwa kwa kupekua mchanga taratibu pembeni. Kilikuwa na mizizi miwili. Kilitofautiana na wenzake kwa mambo mawili: kilikatwa chini zaidi, mahali gome limeanza kugeuka kahawia, na kopo lake lilikaa nyuma ya tangi la maji ambako jua la mchana halikufika.

Ndipo bibi akaulizwa kwa mara ya kwanza. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mimi hukata mvua ikinukia, mjukuu wangu. Na sikati ncha. Ncha ni ya kuchuma maua." Kwa miaka mingi alikuwa akiwagawia majirani miche ya mti huohuo.

Maamuzi ya Februari na Machi

Zilibaki wiki kumi na nne. Familia iliamua kutotegemea njia moja. Kila njia ilichaguliwa kwa sababu yake.

*Kulaza matawi.* Tarehe za ishirini na kitu za Februari matawi sita marefu ya chini yalilazwa, kila moja ndani ya kopo la rangi la lita 4 lililofukiwa nusu kando ya shina, ili siku ya kuhama kopo libebwe pamoja na mche. Upande wa chini wa tawi, karibu na kifundo, gome lilikwanguliwa kwa urefu wa sentimita 3. Tawi likashikizwa kwa kipande cha waya kilichokunjwa, likafunikwa udongo kina cha sentimita 8 hivi, jiwe likawekwa juu, na ncha yake ikainuliwa na kufungwa kwenye kijiti. Faida ya njia hii ni kwamba tawi linaendelea kunyonya kwa mama. Likichelewa kutoa mizizi halifi. Hasara yake ni idadi: kichaka kina matawi machache yanayofika chini.

*Kufunga unyevu tawini.* Matawi manne ya juu, unene wa kalamu ya risasi au zaidi kidogo, yalivuliwa pete ya gome upana wa sentimita 2.5. Baada ya gome kutoka hubaki utando wa kijani unaoteleza juu ya mti wenyewe, nao lazima ukwanguliwe mpaka mti uonekane mkavu na mweupe. Kisha konzi ya usumba uliolowekwa na kukamuliwa ikafungwa kuzunguka kidonda, juu yake nailoni, kamba pande zote mbili, na kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga na joto. Njia hii inafanya kazi kwa sababu maji hupanda kwa njia ya mti wa ndani, ambao haukuguswa, wakati chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Pete inakikatiza njia. Chakula hukusanyika juu ya kidonda, na hapo ndipo mizizi hutokea.

*Vipandikizi upya.* Hivi vilisubiri hadi katikati ya Machi kwa makusudi. Mkato wa Januari ulikuwa umefanya kazi ya kupogoa bila mtu kukusudia, na matawi yaliyochipuka baadaye yalikuwa na wiki tisa. Yalikuwa ya umri wa kati, nusu kijani nusu kahawia. Kipimo kilichotumika ni kukunja: tawi changa hujikunja lisivunjike, kongwe hukataa kukunjika, la kati hukunjika kidogo kisha likalia "ka!". Matawi hayo yaliachwa bila kuchumwa wala kutiliwa samadi, na kichaka kilinyweshwa maji ya bomba kwa wiki mbili kabla ya kukata.

Vipandikizi 36 vilikatwa alfajiri na kuviringishwa kitambaa kibichi. Kila kimoja kilikuwa na vifundo vitatu, urefu sentimita 10 hadi 12, mkato wa chini nusu sentimita chini ya kifundo kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Majani ya chini yaliondolewa, yakabaki mawili ya juu yaliyokatwa nusu ili yasipoteze maji mengi. Vichomozo vyote vilitolewa. Nusu, yaani 18, vilichovywa kitako katika unga wa IBA, homoni ya kuotesha mizizi, wa asilimia 0.3 kutoka duka la pembejeo, vikagongwa kidogo ili unga uliozidi udondoke. Vingine 18 havikupakwa kitu.

Mchanganyiko wa kuoteshea ulikuwa mchanga wa mto wenye chembe kubwa, uliooshwa, na vumbi la makumbi, kiasi sawa kwa sawa. Hapa pana mtego wa pwani ambao vitabu vya bara haviutaji: makumbi mengi yamelazwa baharini ili usumba ulainike kwa kazi ya kamba, na hujaa chumvi. Yalilowekwa usiku kucha na kusuuzwa mara tatu kwa maji ya bomba kabla ya kutumika, vumbi lake na usumba wake pia. Viriba vya sentimita 10 kwa 15 vilitobolewa matundu manane. Shimo la kuchomekea lilitangulizwa kwa kijiti ili homoni isifutike, vifundo viwili vikafukiwa, udongo ukashindiliwa kwa vidole.

Viriba vilikaa kwenye ukumbi wa nyuma, chini ya makuti, mahali penye mwanga wa kusoma gazeti lakini pasipo jua la moja kwa moja. Nailoni ilitandazwa juu ya fito zilizokunjwa, ikifunuliwa dakika kumi kila asubuhi. Maji yalikuwa ya mvua au ya bomba, na yalitiwa pale tu umande ulipokoma kuonekana ndani ya nailoni. Ikakubaliwa kwamba hakuna mtu atakayefunua kwa sababu ameona majani. Kitakachotazamwa ni matundu ya viriba.

Matokeo

Majani mapya yalianza siku ya 14, kama mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mizizi myeupe ya kwanza ilichungulia kwenye matundu siku ya 33, katika kundi la homoni. Kundi lisilo na homoni lilichelewa kwa takriban wiki mbili. Kufikia tarehe 10 Mei, 14 kati ya 18 vyenye homoni vilikuwa na mizizi, na 10 kati ya 18 visivyo na homoni. Nailoni iliondolewa kwa siku kumi: kwanza kwa muda wa saa moja tu jioni, kisha jioni nzima, kisha usiku, mwishowe kutwa.

Miche 24 ilihamishiwa vyungu vya sentimita 15 vyenye sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji na moja ya mchanga. Mitatu ilikufa. Yote mitatu ilipandwa kwa fungu moja la mchanganyiko ambamo mtu alitia samadi ya mbuzi ambayo haijaoza. Ilibaki 21.

Katika matawi sita yaliyolazwa, matano yalitoa mizizi. La sita lilifukuliwa na kuku wiki ya pili na halikurudishwa kwa wakati. Kukata kutoka kwa mama kulifanywa kwa awamu: nusu ya unene kwanza, kisha wiki moja baadaye kukamilisha. Kati ya mafungo manne ya juu, mawili yalifaulu. La tatu lilikuwa limejiponya, gome jipya likivuka pete kama daraja, ishara kwamba utando wa kijani haukukwanguliwa vizuri. La nne kamba ya juu ililegea, mvua ya masika ikaingia na kutuama, usumba ukanuka na kidonda kikaoza.

Siku mbili kabla ya kukabidhi kiwanja, shina mama nalo lilichimbwa. Lilikatwa hadi sentimita 40, likatolewa na bonge la udongo dogo kwa kuwa mizizi mikubwa ilikuwa chini ya msingi na ilibidi ikatwe kwa shoka. Lilipandwa kwenye pipa lililokatwa. Siku ya 12 lilichipua kila upande, na hata mjukuu, ambaye sasa alijua, alianza kusema "bibi amehama na mti wake". Mwisho wa Julai lilikuwa kuni.

Hesabu ya mwisho: kipandikizi kimoja cha Januari, 21 vya Machi, matano ya kulaza, mawili ya kufunga. Jumla miche 29.

Uchambuzi

Kosa lililobeba mengine yote lilikuwa la kusoma dalili. Macho ya majani tayari yamo kwenye kifundo kabla tawi halijakatwa, yamelala yakisubiri. Wanga uliohifadhiwa ndani ya tawi, joto na unyevu vinatosha kuyaamsha. Mzizi hauna jicho la namna hiyo. Mmea unapaswa kuziba kidonda, kisha kuanza mzizi kutoka kwenye chembe zilizo karibu na gome, na kazi hiyo inakula wanga uleule. Kila jani linalotoka mapema ni matumizi, na kila jani linapumua maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha. Chini ya nailoni hewa imejaa unyevu na deni hilo halionekani. Siku nailoni inapoondolewa linadaiwa lote kwa pamoja. Shina mama la Mei lilikufa kwa sababu hiyohiyo, ila lilikuwa na akiba kubwa zaidi na likachukua miezi miwili kuimaliza.

Mengine ya Januari yalisukuma upande uleule. Ncha laini ina wanga mchache na hupoteza maji haraka, na vichomozo vya maua vilikula hata huo mchache. Jua juu ya nailoni lilipika makopo. Joto linalosaidia ni la wastani na la chini, kwenye mizizi. Joto la juu, kwenye majani, linakausha. Chumvi ya kisima na ya mchanga wa ufukweni ilizuia kitako kunyonya hata maji yaliyokuwepo, na kila alipoona majani yamenyauka na kuongeza maji, aliongeza chumvi. Kingo zilizoungua kahawia zilikuwa zikisema hivyo. Njia rahisi ya kupima ni kumwaga maji ya kisima kwenye sahani nyeusi na kuiacha juani mpaka yakauke. Ukoga mweupe mzito ukibaki, maji hayo yasiguse kipandikizi.

Je, homoni ilisaidia? Tofauti ya 14 na 10 katika vikundi vya 18 ni ndogo mno kuthibitisha chochote, na sidhani ndiyo iliyogeuza kisa. Bila homoni zaidi ya nusu viliota, wakati Januari kilipona kimoja kati ya 40. Umri wa tawi, maji, kivuli na subira vilifanya kazi kubwa zaidi. Faida ya homoni iliyoonekana wazi ni muda, na kwa mwenye tarehe ya kuhama wiki mbili si haba. Asali na ute wa mshubiri, ambavyo watu wengi hupaka, havidhuru vikiwa kidogo, lakini visichukuliwe kuwa badala ya homoni.

Kulaza matawi kulifaulu zaidi kwa uwiano kuliko njia zote, na miche yake ndiyo iliyotoa maua mapema, kuanzia Agosti. Kwa kichaka kimoja kisicho na mbadala, ilipaswa kuanza Januari, siku ileile habari ya kuuzwa ilipofika, kwa kuwa haihitaji ujuzi mwingi wala haiathiri vipandikizi. Kuchelewa wiki saba kulipunguza nafasi ya kurudia tawi lililofukuliwa na kuku. Mafungo ya juu yangeweza kuwa manne kwa manne kama utando wa kijani ungekwanguliwa vizuri na kamba zikakaguliwa kila wiki ya masika.

Shina mama lingeweza kupona? Pengine, kama mizizi ingekatwa mduara miezi mitatu kabla, upande mmoja baada ya mwingine, ili mizizi midogo iote ndani ya bonge. Kuchimba siku mbili kabla ya buldoza hakukuwa na matumaini makubwa, lakini hakukugharimu kitu kwa vile miche ilikuwa tayari. Uamuzi huo siulaumu.

Tatizo moja lilijitokeza baada ya yote. Miche minne iliyopandwa kwenye ua wa nyumba mpya, ikigusana na ukuta uliopakwa chokaa, ilianza kuwa njano kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma inayoletwa na udongo wenye chokaa nyingi: chuma kimo, lakini mizizi haiwezi kukichukua. Jamaa walikuwa wanaongeza samadi bila mafanikio. Miche hiyo ilirudishwa kwenye vyungu vyenye udongo mwekundu na mboji, mita moja kutoka ukutani, na majani yaliyotoka baada ya hapo yalikuwa kijani. Yale ya zamani yalibaki njano mpaka yakaanguka yenyewe.